Kumwuguza Mbwa Mwenye Tumbo Dhaifu

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wakulima na wafugaji, Singida)



Nilipoombwa kusema neno katika mkutano huu, wengi walidhani nitaeleza habari za alizeti, au za bei ya vitunguu, au za kuku wetu ambao Singida inasifiwa kwa ajili yao hata Dar es Salaam. Mambo hayo ni mema, nao wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi leo nitasema habari za mbwa. Najua baadhi yenu watacheka na kusema, "Karani amekosa la kusema." Chekeni, lakini nisikilizeni hata mwisho, maana habari hii inaanza katika tumbo la mbwa, nayo inakwisha katika chungu cha chakula cha watoto wetu.

Mbwa ni mtumishi asiyedai mshahara. Fisi akizunguka zizi usiku, ni nani anayetangulia kujua? Mbuzi wakitawanyika vichakani, ni nani anayewarudisha pamoja na mtoto? Walakini ujira wake kwetu ni nini? Ni ukoko wa ugali, mifupa, na kila kitu kilichooza ambacho sisi wenyewe tumekikataa. Tena tunajifariji kwa kusema, "Tumbo la mbwa halichagui." Mimi nami nilikuwa nikisema neno hilo, hata siku niliyofundishwa kwamba si kweli.

Ninaye mbwa jina lake Tutaona. Jina hilo alipewa na mama yangu, nami sitawaambia ni jirani gani aliyekuwa akisemwa. Ni mbwa wa rangi ya udongo, hana uzuri wa kusifiwa, lakini katika miaka mitano hatujapoteza mbuzi hata mmoja kwa fisi. Tangu alipokuwa mdogo tumbo lake lilikuwa dhaifu. Akila mafuta mengi hutapika. Akinywa maziwa huharisha. Sisi tulimwona kuwa ni mbwa wa deko, tukazidi kumpa lolote lililokuwapo.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa nyingi, na paa la tembe la marehemu baba, ambalo twalitumia kuwa ghala, likavuja. Magunia mawili ya mahindi yakalowa upande wa ukutani. Tulipoyafungua tukaona punje nyingine zimegeuka rangi, zikawa za kijani na nyingine nyeusi, na harufu ya uvundo ikatoka. Mama watoto akasaga kidogo, akaonja ugali wake, akautema, akasema, "Huu mchungu." Kuyatupa yote tuliona ni dhambi, kwa kuwa mahindi ni jasho. Basi tukakata shauri: haya yatakuwa ya mbwa, na machache watapewa kuku.

Tutaona akala ugali huo kwa muda wa wiki tatu hivi. Kisha akaanza kuacha chakula nusu. Siku nyingine akakinusa tu na kwenda kulala chini ya mti. Usiku mmoja akatapika maji ya manjano mara nne, na kulipopambazuka alikuwa akiharisha, hata kusimama kwake kukawa kwa taabu. Fisi walilia karibu sana usiku ule, wala yeye hakubweka.

Habari ikaenea, na washauri wakaja, kama ilivyo desturi yetu mtu akipata shida. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, mnyweshe maji ya chumvi nyingi, atatapika uchafu wote." Mwingine akanishauri maji ya tumbaku, na mwingine mafuta ya taa. Kijana mmoja akaniletea vidonge vya maumivu ambavyo watu humeza wakiumwa kichwa, akasema vilimfaa yeye. Nilikuwa nimekwisha kukishika kidonge mkononi, bwana mifugo alipofika kwa pikipiki yake, kwa kuwa mama watoto alikuwa amemtumia habari kwa simu bila kuniambia.

Yule bwana alipokiona kidonge akaniambia nikiweke mbali. Akanieleza kwamba dawa za maumivu za wanadamu, kama paracetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, zaweza kuharibu ini la mbwa, au mafigo yake, au kumtoboa tumbo akatokwa damu ndani. Kadhalika chumvi nyingi ni sumu, tumbaku ni sumu, na mafuta ya taa huingia mapafuni na kumwua haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha akamfungua mbwa mdomo taratibu, akatazama ufizi na weupe wa macho. Akaivuta ngozi ya shingo juu na kuiacha, tukaona inarudi polepole sana. Akasema, "Hiyo ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini." Tena akatuonyesha umanjano kidogo katika macho. Hapo akaniuliza swali ambalo katika washauri wote hakuna aliyeniuliza: "Karani, huyu anakula nini?"

Ndugu zangu, nimezoea kuwauliza watu maswali na kuandika majibu yao. Siku ile niliulizwa mimi, na jibu lilinishinda kutoka kinywani. Nikamwongoza ghalani, nikamwonyesha magunia. Akachota punje kiganjani, akazitazama, akasema, "Siwezi kuapa bila kuzipima, lakini kwa dalili hizi nashuku sumukuvu."

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu waotao katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zikikosa kukauka vizuri au zikilowa ghalani. Wataalamu walianza kuitambua baada ya mwaka 1960, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyokuwa nayo. Sumu hii hushambulia ini. Moto wa kupikia hauiondoi, na kuyaosha mahindi au kuyakoboa hakutoshi kuyafanya yawe salama. Mbwa ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi sana, wala hakuna dawa ya kuifuta ikiisha kuingia mwilini. Huwa tunalisaidia ini tu kupona lenyewe. Basi lile neno letu kwamba mbwa huweza kula kilichotushinda sisi ni kinyume cha kweli katika jambo hili.

Sasa nitawaeleza jinsi tulivyomwuguza, maana ndiyo sababu hasa ya hotuba yangu. Bwana mifugo alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, akamtia maji ya dawa chini ya ngozi, akaahidi kurudi. Kazi iliyobaki akatuachia sisi, akasema kwamba kazi yenyewe ni uvumilivu.

Jambo la kwanza ni kulipumzisha tumbo. Mbwa mzima anayetapika haifai kulazimishwa kula; aachwe bila chakula muda wa saa kumi na mbili hivi. Lakini kitoto cha mbwa kisifungishwe hivyo, maana nguvu zake hukwisha upesi. Hicho kipelekwe kwa mtaalamu mara moja. Sisi tuna methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa mbwa anayetapika msiifuate, kwa sababu ukimshindilia chakula atakirudisha chote, pamoja na maji aliyokuwa nayo.

Jambo la pili ni maji. Mbwa mwenye kiu akiwekewa karai zima atalimaliza, kisha atalitapika lote. Tulimpa vijiko vichache vya chakula kila nusu saa, mchana kutwa na usiku pia, tukipokezana mimi, mama watoto na kijana wetu mkubwa. Maji yalikuwa yamechemshwa na kupozwa, na ndani yake tulitia ile dawa ya maji na chumvi wanayopewa watoto wanaoharisha, pakiti kwa kipimo chake. Asiye na pakiti achukue lita moja ya maji safi, atie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kila kijiko kimesawazishwa. Asizidishe chumvi. Maji hayo yakipita siku moja yamwagwe, yatengenezwe mengine. Tena mbwa asimiminiwe maji kooni kwa nguvu huku kichwa kimeinuliwa, yasije yakaingia mapafuni. Ayarambe mwenyewe katika kijiko au kiganja.

Jambo la tatu ni chakula chepesi. Kutapika kulipokoma, tulianza na wali uliopikwa hata ukalainika kabisa, pasipo mafuta wala chumvi, na nyama ya kuku iliyochemshwa, imeondolewa ngozi, mafuta na kila mfupa. Sehemu mbili zilikuwa wali na sehemu moja nyama. Asiye na kuku atumie yai lililochemshwa. Mara ya kwanza tulimpa vijiko viwili tu vya chakula, tukangoja saa tatu. Kilipokaa tumboni tukampa vitatu, na kuendelea hivyo, mara tano au sita kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Na tumbo lililochoka hujazwa kwa njia hiyo hiyo.

Kitunguu kisitiwe kamwe, kiwe kibichi au kilichopikwa, wala kitunguu saumu. Sisi wa Singida tuna vitunguu kila jikoni, na mchuzi uliobaki humwagiwa mbwa bila kufikiri. Kumbe kitunguu huharibu damu yake. Maziwa pia mbwa wengi wakubwa hawayawezi. Na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha, ikatoboa utumbo.

Siku ya tatu Tutaona akainua mkia kidogo kijana wetu alipomletea kijiko. Siku ya tano kinyesi chake kikaanza kuwa kigumu. Hapo mimi nikafurahi, nikataka kumpa bakuli zima kwa shangwe. Bwana mifugo alinikataza kwa ukali, akasema kwamba mbwa wengi huangushwa tena na furaha ya bwana zao. Chakula cha kawaida kirudishwe kwa muda wa wiki moja: kwanza robo moja kichanganywe na wali, kisha nusu, kisha robo tatu, na mwisho chote. Ikiwa kuhara kunarudi, rudi nyuma hatua moja. Yeye, kwa ajili ya ini lake, alikaa zaidi ya wiki tatu ndipo akawa mzima.

Sasa, wazee wangu, naomba niseme jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema.

Katika siku zile za kuuguza, gunia moja na nusu la mahindi yale lilikuwa bado ghalani. Ndugu yangu mmoja akaniambia, "Usipate hasara bure. Chambua yale meusi, mengine wauzie wapika pombe, wao hawaulizi." Nami sikumjibu hapana. Nilikaa siku mbili nikihesabu fedha zile kichwani, huku nikihesabu vijiko vya maji vya mbwa kwa mkono. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka minne, ameketi karibu na ile sufuria ya zamani ya mbwa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiosha, akiubandua ukoko wake kwa kidole na kuula. Nikamnyang'anya, akalia sana, wala hakujua kosa lake. Kosa halikuwa lake. Sisi tulikuwa tumesema, "Haya ni ya mbwa," kana kwamba mahindi yanajua mpaka wa sahani na sahani. Tulikuwa tumewapa kuku, nao kuku na mayai yao tunakula sisi. Na kama ningaliwauzia wapika pombe, watoto wa wengine wangalirudishiwa baba zao wakiwa na sumu ile mwilini.

Wala msidhani kwamba nakuza mambo. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za mashariki, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 katika hao wakafa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mikoa yote miwili inapakana na huu wetu. Tena wanaokula kidogo kidogo kwa miaka mingi hawafi siku hiyo, bali huweza kupata saratani ya ini baadaye. Tulimpeleka mtoto kwa daktari, akamtazama, akatuambia hana dhara lililoonekana, tukamshukuru Mungu. Jioni ile tukayatoa magunia, tukayachoma mbali na nyumba, na mabaki tukayafukia katika shimo refu. Ndugu yangu alisimama akitazama. Hakusema neno, lakini alishika jembe akatusaidia kufukia.

Basi yaliyo juu yetu ni haya. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Magunia yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta, na paa litazamwe kabla ya mvua, si baada yake. Ukitaka kujua kama punje zimekauka, tia konzi moja ya punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kando za chupa, mahindi bado yana maji. Na yaliyooza yasiwe ya mbwa, wala ya kuku, wala ya soko.

Kabla sijaketi, nina maonyo mawili. Kwanza, si kila ugonjwa wa tumbo la mbwa unatoka katika chakula. Minyoo hudhoofisha mbwa wengi, hivyo wapewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Uko ugonjwa wa parvo, uliojulikana duniani mwaka 1978, ambao huua vitoto vya mbwa kwa kuhara damu. Iko distempa, ambayo huweza kuanza kwa kutapika na kuhara; mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliona kwamba ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Magonjwa hayo mawili yana chanjo. Ukiona damu katika matapishi au kinyesi, au macho ya manjano, au tumbo limevimba naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu, au hata maji hayakai tumboni, usikae kumwuguza nyumbani. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Pili, kumpa mbwa mgonjwa dawa ni kuweka mkono karibu na meno yake. Mbwa akitokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, sauti yake ikabadilika, au akawa mkali au mpole kupita tabia yake, usidhani ana mfupa kooni, wala usitie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa, nao ugonjwa huo dalili zake zikianza kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Aliyeumwa au kurambwa kidondani aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Siku ya chanjo ikitangazwa, msiwaachie watoto peke yao kazi ya kuwapeleka.

Tutaona yu hai. Usiku wa jana amebweka hata nikashindwa kulala, na asubuhi tumeziona nyayo za fisi nje ya boma. Kwa muda wote wa ugonjwa wake nilidhani ni mimi ninayemponya yeye. Lakini kama tumbo lake lingekuwa gumu kama tunavyosema, mahindi yale tungaliyamaliza sisi na kuku wetu, au yangalifika sokoni. Kwa hiyo nawaombeni: mbwa wako akikataa chakula, kabla ya kumtafutia dawa, nenda kwanza ukatazame gunia.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza.